Melesi, nguruwe, farasi au nyuzi za kiwandani: kuchagua brashi ya kunyolea unayoweza kuitunza

Mtu anayeacha povu la kopo na kurudi kwenye sabuni na brashi hukutana mapema na swali la nywele: achukue brashi ya aina gani? Kwa mbali brashi zote zinafanana, yaani mpini mfupi na shada la nywele lililoshikizwa kwa gundi ndani ya tundu la mpini, lakini nywele hizo zinaweza kuwa za melesi (mnyama wa familia moja na nyegere), za nguruwe au za farasi, au zikawa nyuzi zilizotengenezwa kiwandani, na kila aina ina tabia yake mbele ya maji. Wauzaji husifu zaidi ulaini. Mimi nimetumia aina zote nne kwa miaka kadhaa, na naona ulaini ni jambo la pili. La kwanza ni maji: nywele zinayapokeaje, zinayaachiaje wakati wa kupiga povu, na zinachukua muda gani kukauka kabla ya kunyoa tena. Anayelifahamu hilo kuhusu brashi yake huitunza ipasavyo, na asiyelifahamu huiharibu hata kama aliinunua kwa fedha nyingi.

Vigezo vitakavyotumika

Kazi ya brashi ni kuchanganya sabuni, maji na hewa mpaka lipatikane povu zito, kisha kulifikisha povu hilo kwenye ngozi huku ikiinua ndevu zilizolala. Udevu mkavu ni mgumu, ila ukikaa na maji kwa dakika mbili au tatu hulainika, na wembe huukata kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa sababu hiyo nitazipima aina zote nne kwa mambo yaleyale: maji na povu, hisia usoni, utunzaji, umri wa brashi, na mtu inayemfaa. Asili ya nywele nitaitaja mwanzoni mwa kila sehemu, kwa kuwa wapo ambao jambo hilo peke yake huwakatia shauri.

Kabla ya kulinganisha nywele, angalia vipimo. Shada la kawaida lina kipenyo cha milimita 22 hadi 26 panapoingia mpinini, na nywele hutokeza nje kwa kiasi cha milimita 50. Shada fupi na nene huwa kakamavu, na shada refu na jembamba hulegea, hata kama nywele ni za mnyama mmoja. Ukilinganisha shada fupi la melesi na shada refu la nguruwe utadhani umelinganisha nywele, kumbe umelinganisha urefu. Shada pana nalo hula sabuni nyingi na huchelewa kukauka katikati, kwa hiyo ukubwa usichukuliwe kuwa ni ubora.

Brashi ya melesi

Manyoya mengi ya melesi yanayouzwa leo kwa ajili ya brashi hutoka China. Nchini Uingereza, ambako brashi hizi zina historia ndefu, mnyama mwenyewe analindwa na sheria ya mwaka 1992. Manyoya haya hayapatikani kwa kumpunguza mnyama nywele akabaki hai, na mnunuzi anapaswa kulijua hilo.

*Maji na povu.* Nywele za melesi ni nyembamba, hivyo shada moja hubeba nywele nyingi zilizosongamana, na maji hujaa katikati yake na kubaki humo. Unapozungusha brashi juu ya sabuni, maji hayo hutoka kidogo kidogo, na ndiyo maana povu lake huwa zito na lenye joto hadi mwisho wa kunyoa. Uwezo huohuo ndio unaowakwaza wanaoanza, kwa kuwa brashi iliyotoka majini bila kukamuliwa hulijaza povu maji likawa jepesi na kutiririka hadi kiwikoni.

*Usoni.* Hisia hutegemea daraja. Manyoya ya daraja la chini, yenye weusi mwingi, huchoma kidogo kwenye ncha. Yale ya daraja la juu yana ncha nyeupe, ukanda mweusi katikati na weupe tena chini, nayo ni laini mno. Hata hivyo madaraja hayo hayana kipimo kimoja kinachofuatwa na watengenezaji wote: kinachoitwa daraja bora na mmoja huweza kuwa cha kati kwa mwingine. Ukiweza, gusa ncha kwa midomo au kwa shavu kavu kabla ya kununua, kwani ncha zinazochoma zikiwa kavu mara nyingi huchoma pia zikiwa na maji.

*Utunzaji.* Hii ndiyo inayodai uangalifu mkubwa kuliko zote. Shada nene huweza kuchukua siku nzima na zaidi kukauka hadi kwenye kitako, na unyevu uliokwama humo huleta harufu, ukungu na kulegea kwa gundi. Nywele zake hazistahimili kukandamizwa kwa nguvu. Anayeisukuma mpaka kitako cha shada kigonge ngozi huzivunja nywele za katikati, na baada ya miezi huona shimo limejitokeza kati ya shada.

*Umri.* Ikipewa nafasi ya kukauka, hudumu miaka mingi, na wengi huitumia kwa zaidi ya miaka 10.

*Inamfaa nani.* Mtu anayenyoa akiwa na muda, mwenye mahali penye hewa pa kuiweka, na aliye tayari kulipa zaidi. Anayenyoa kila siku angefaa kuwa nazo mbili za kupokezana.

Brashi ya nguruwe

Nywele hizi ni zao la pembeni la ufugaji wa nguruwe kwa ajili ya nyama, na hilo huifanya brashi iwe ya bei nafuu. Kwa wale ambao imani yao haiwaruhusu kutumia kitu cha nguruwe, mjadala unaishia hapa. Nao wasome maelezo ya kifungashio kwa makini, kwa sababu zipo brashi zenye nywele mchanganyiko, na zipo nywele za nguruwe zilizotiwa rangi ya ukanda mweusi ili zifanane na melesi. Nywele za nguruwe hutambulikana kwa unene wake na kwa ncha zinazopasuka mbili au tatu, na rangi ya kuigiza wakati mwingine huchujuka katika maji ya kwanza ya uvuguvugu.

*Maji na povu.* Tofauti na melesi, maji huingia ndani ya unywele wenyewe na kuulainisha. Ndiyo sababu brashi hii lazima ilowekwe kwa dakika 3 hadi 5 katika maji ya uvuguvugu kabla ya kuguswa na sabuni. Anayeruka hatua hiyo huona povu likizaliwa kisha likifa, kwa kuwa nywele zenye kiu zinayanywa maji ya povu lenyewe. Uimara wa shina la unywele ni faida kubwa kwenye sabuni ngumu ya kipande, kwani huikwangua na kubeba ya kutosha ndani ya nusu dakika.

*Usoni.* Brashi mpya ya nguruwe huparuza. Hili lisemwe wazi, kwa sababu watu wengi huitupa wiki ya kwanza. Kadiri inavyotumika, kila ncha hupasuka na kugawanyika, na ncha zilizogawanyika huwa laini huku shina likibaki imara. Mabadiliko hayo huanza kuonekana baada ya kunyoa mara 10 hadi 20, na huendelea kwa miezi. Nilipoipata ya kwanza nilikuwa nikiipigisha povu jioni hata siku nisizonyoa, naliacha povu humo kwa muda, naisuuza na kuianika, na ndani ya mwezi mmoja haikuwa tena brashi niliyoinunua. Sijaona aina nyingine inayomlipa mtumiaji wake kwa uvumilivu namna hii.

*Utunzaji.* Hustahimili kuzungushwa kwa nguvu kiasi, na hukauka haraka kuliko melesi wa shada nene. Harufu ya mnyama huwa kali mwanzoni. Osha mara mbili tatu kwa shampuu laini, kausha kabisa kati ya kuosha na kuosha, nayo huondoka.

*Umri.* Miaka kadhaa. Kupasuka kwa ncha kunakoilainisha ndiko hatimaye kunakoipunguza nywele.

*Inamfaa nani.* Mwenye ndevu nene, anayetumia sabuni ya kipande, anayependa kusuguliwa usoni, na anayeweza kusubiri. Omega ya Italia na Semogue ya Ureno ni miongoni mwa majina yanayojulikana zaidi kwa brashi za aina hii.

Brashi ya farasi

Nywele hizi hukatwa kwenye mkia na kwenye shingo ya farasi, na zinaweza kupatikana bila mnyama kuuawa. Za shingoni ni laini, za mkiani ni imara, na watengenezaji huzichanganya kwa viwango tofauti. Ukipata taarifa ya mchanganyiko huo, isome, maana inaeleza mengi kuliko jina la brashi.

*Maji na povu.* Iko katikati ya mbili zilizotangulia. Hushika maji zaidi ya nguruwe na kuyaachia kwa urahisi zaidi ya melesi. Kulowekwa dakika 2 au 3 kunatosha.

*Usoni.* Shada lenye mkia mwingi husugua vizuri bila kuchoma sana, na lenye shingo nyingi hulalia uso kama kitambaa. Kasoro yake ni nywele kunata na kujifunga mafundo mafundo, hasa anayeitumia akiizungusha upande mmoja tu. Badilisha mwelekeo mara kwa mara, na ichane kwa vidole ikiwa bado na unyevu.

*Utunzaji.* Ya kawaida, pamoja na kuchana huko. Hapa lakini pana historia inayopaswa kujulikana. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, nywele za farasi zilizotumika kuigiza melesi ziliingizwa sokoni bila kuuliwa vijidudu ipasavyo, zikawaambukiza askari na raia ugonjwa wa kimeta nchini Uingereza na Marekani, na mwaka 1920 Uingereza ikapiga marufuku kuingizwa kwa brashi za kunyolea kutoka Japani. Leo nywele husafishwa na kuuliwa vijidudu kabla ya kufungwa kwenye mpini, na brashi mpya ya mtengenezaji anayefahamika haina sababu ya kuogopwa. Anayependa kukusanya brashi kuukuu za miaka ile aziweke kabatini kama kumbukumbu, asizipake usoni.

*Umri.* Hukaribiana na nguruwe, na pengine humzidi kidogo.

*Inamfaa nani.* Anayeona melesi ni laini kupita kiasi au ni ghali, na ambaye hataki kitu cha nguruwe wala kumgharimu mnyama uhai.

Brashi ya nyuzi za kiwandani

Brashi za kwanza za nailoni zilikuwa ngumu, hazikushika maji, na ziliipa aina hii jina baya ambalo wengine bado wanalirudia. Nyuzi za sasa ni jambo jingine. Ni nyembamba, ncha zake zimechongwa zikachongoka, na nyingine zimekunjwakunjwa kidogo ili maji na hewa vikae katikati yake.

*Maji na povu.* Uzi wenyewe haunywi maji, kwa hiyo hakuna kuloweka. Unaipitisha majini, unaikung'uta, unaanza. Povu hupatikana upesi na kwa sabuni kidogo, hasa kwa krimu. Lakini kwa kuwa maji yamekaa nje ya nyuzi tu, hutoka yote kwa pamoja brashi inapobonyezwa, na mtumiaji aliyezoea melesi huona povu likipoa na kukauka mapema. Dawa yake ni kuongeza maji matone machache machache wakati wa kuzungusha.

*Usoni.* Ncha ni laini tangu siku ya kwanza. Wengine hulalamikia kuwa shada linaruka, yaani linarudi wima kwa nguvu na kurusha povu pembeni. Shada refu kidogo hupunguza hali hiyo.

*Utunzaji.* Hukauka ndani ya saa chache, haina harufu, haivutii wadudu wanaokula nywele, na huoshwa kwa urahisi. Adui wake ni joto. Maji yaliyotoka kuchemka huzipinda nyuzi, nazo hazirudi tena.

*Umri.* Miaka mingi. Mara nyingi gundi au mpini huchoka kabla ya nyuzi.

*Inamfaa nani.* Msafiri, anayenyoa kila asubuhi kwa haraka, asiyetumia kitu cha mnyama, na kinyozi anayelazimika kuisafisha brashi baada ya kila mteja. Zenye bei ya chini zinapatikana, na tofauti kati ya nafuu na ghali katika kundi hili ni ndogo kuliko katika kundi la melesi.

Matumizi na matunzo ambayo hakuna aina inayosamehewa

Maji yawe ya uvuguvugu ambayo mkono unayavumilia bila shida. Nywele za mnyama hukauka na kukatika kwa maji yanayochoma, na gundi hulegea. Baada ya kulowesha, kamua shada taratibu kwa kiganja au likung'ute mara mbili tatu, kisha lizungushe juu ya sabuni kwa takriban nusu dakika. Kwa krimu, kiasi cha punje moja ya korosho kinatosha. Povu lililo tayari hung'aa na halionyeshi mapovu makubwa. Likiwa na mapovu makubwa, maji yamezidi. Likinata na kukauka mashavuni, maji yamepungua.

Usoni tumia ncha. Zungusha mwanzoni ili kuinua ndevu, kisha malizia kwa kupaka huku na huku kama apakaye rangi ukutani. Kukandamiza hakuongezi povu, maana povu linatengenezwa kwenye theluthi ya juu ya nywele. Mwenye vipele vya ndevu au ngozi iliyochubuka asiisugue ngozi hiyo kwa brashi yoyote, hata iwe laini namna gani, bali apake tu. Na brashi isiazimwe, kwa sababu inagusa ngozi ambayo wembe huenda umeikwaruza.

Kusuuza ndiko kunakopuuzwa zaidi. Sabuni iliyobaki kwenye kitako cha shada hukauka, huganda, na kuzisukuma nywele pembeni mpaka shada lifunguke kama ua lililonyauka. Suuza mpaka maji yanayokamuliwa yatoke safi. Maji yenye madini mengi hutengeneza utando mweupe yakikutana na sabuni, na suuza ya kawaida haiutoi. Utando huo ukionekana, changanya sehemu moja ya siki na sehemu 10 hivi za maji, tumbukiza nywele tu bila mpini kwa dakika chache, osha kwa shampuu laini, kisha suuza vizuri. Kufanya hivyo mara moja kwa miezi michache kunatosha, na kulizidisha huzikausha nywele za mnyama.

Kisha kukausha. Kung'uta, futa shada kwa taulo kwa kulipitisha huku na huku bila kulivuta, na liache mahali penye hewa. Watu hubishana kama brashi ining'inizwe nywele zikitazama chini au isimamishwe kwa mpini. Nimefanya yote mawili na sijaona tofauti katika maisha ya brashi. Kinachoiua ni kufungiwa ikiwa na maji. Niliwahi kuiweka brashi ya melesi yenye unyevu ndani ya mkebe usio na matundu kwa safari ya siku nne, nikaikuta na madoa meusi ya ukungu kwenye kitako na gundi imeachia upande mmoja. Haikutengenezeka. Moto wa kikaushia nywele nao si njia ya mkato, wala jua kali juu ya mpini wa mbao.

Nywele chache kudondoka katika wiki za mwanzo ni jambo la kawaida kwa brashi ya nywele za mnyama. Zikiendelea kudondoka baada ya hapo, au zikitoka kwa mafungu, kasoro iko kwenye gundi na brashi irudishwe kwa aliyeiuza.

Kwa hali yako

Kama unaanza na hujui utadumu na kunyoa kwa namna hii, chukua nyuzi za kiwandani za ukubwa wa kati. Itakufundisha kupima maji bila kukudai kuloweka wala kusubiri, na ukiacha hutakuwa umepoteza fedha nyingi.

Kama sabuni yako ni ya kipande kigumu na ndevu zako ni nene, nguruwe itakutumikia kuliko nyingine zote kwa gharama hiyo, mradi uipe miezi miwili kabla ya kuihukumu. Imani ikikuzuia, chagua farasi yenye nywele nyingi za mkiani.

Kama ngozi yako huwaka upesi, chaguo ni kati ya nyuzi za kiwandani na melesi wa daraja la juu, na hapo maamuzi yatokane na mahali unapoishi na brashi: chumba chenye unyevu usiokatika humwonea melesi.

Kama unanyoa mara mbili au tatu kwa wiki, bila haraka, na unapenda povu linalokaa na joto hadi mwisho, melesi atakuwa na siku za kutosha kukauka kati ya kunyoa na kunyoa.

Kama unasafiri mara kwa mara, beba nyuzi za kiwandani kwenye mkebe wenye matundu, na brashi ya mnyama ibaki nyumbani. Kabla ya kuiacha kwa muda mrefu ihakikishe ni kavu hadi kitakoni, kwa kulifungua shada kwa vidole na kugusa katikati.